Maendeleo ya Wanawake ni ya nani?

Waulize Wakenya wawili wa makamo Maendeleo ya Wanawake ni nini, na huenda ukapata majibu yasiyofanana hata kidogo. Mmoja atakumbuka kikundi cha mama yake kijijini, michango ya mabati na daftari lililofunikwa kwa gazeti. Mwingine atakumbuka miaka ya themanini na akina mama waliovaa sare wakimwimbia rais uwanjani. Ukimwongeza kijana aliyezaliwa juzijuzi, atakwambia ni shirika lisilo la kiserikali linalopinga ukeketaji. Hakuna aliyekosea, ila kila mmoja ameshika upande wake.

Jina hilo limebeba vitu viwili kwa zaidi ya miaka sabini. Kuna vikundi: wanawake kumi, ishirini au thelathini wanaojuana, wanaokutana kanisani, chini ya mti au nyumbani kwa mmoja wao, na ambao mali yao ni ile waliyochanga wenyewe. Kisha kuna shirika: ofisi jijini Nairobi, mwenyekiti wa taifa, na safu ya viongozi kuanzia kata ndogo hadi juu. Shirika haliwezi kuishi bila vikundi. Vikundi, kwa upande wao, vinaweza kuendelea vizuri tu bila shirika, na vimefanya hivyo mara nyingi. Ukilishika hilo, historia hii yenye mikunjo mingi inaanza kunyooka.

Mwanzo wake

Waasisi wa mwaka 1952 walikuwa kundi dogo la wanawake wa Kizungu waliofanya kazi chini ya Idara ya Maendeleo ya Jamii ya serikali ya kikoloni, iliyokuwa ikiongozwa na Thomas Askwith. Mfano waliokuwa nao ulikuwa Women's Institute, vikundi vya wanawake wa mashambani vilivyoanzia Stoney Creek, Kanada, mwaka 1897, vikavuka bahari hadi Llanfairpwll, Wales, mwaka 1915, wakati vita vimefanya chakula kuwa shida. Masomo yalikuwa ya nyumbani: kushona, kufuma, kupika, usafi, malezi ya watoto. Walimu walifunzwa Jeanes School, Kabete, mahali ambapo leo pana chuo cha serikali cha watumishi wa umma. Hapakuwa na somo la ardhi, la mshahara wala la kura.

Mwaka huohuo, tarehe 20 Oktoba, Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari kwa sababu ya vita vya Mau Mau, na mradi wa kufundisha kushona ukajikuta katikati ya vita. Kuanzia 1954 zaidi ya Wakikuyu milioni moja walitolewa kwa nguvu kwenye maboma yao yaliyotawanyika vilimani, wakakusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na seng'enge. Wanaume wengi walikuwa vizuizini au msituni. Waliobaki walikuwa wanawake, watoto na wazee, na wanawake hao ndio walioamriwa kuchimba mahandaki yenyewe.

Ndani ya vijiji hivyo vikundi vya Maendeleo viligawa maziwa na supu kwa watoto waliodhoofika, na vikawatunza walioachwa bila mzazi. Papo hapo serikali iliwatumia viongozi wa vikundi kuwavuta wanawake waache kuwapelekea wapiganaji chakula na habari. Kujiunga kulichukuliwa kama tangazo la upande uliouchagua.

Watu wanaosimulia kipindi hiki hupenda kuamua jambo moja: ama Maendeleo ilikuwa hila ya mkoloni, ama ilikuwa huruma ya akina mama. Nadhani uamuzi huo haumtendei haki mwanamke wa wakati ule. Alikuwa na mtoto mwenye njaa, na maziwa yalipatikana mahali pamoja tu. Alipanga foleni akijua vizuri ni nani anayemtazama.

Kuelekea uhuru Waafrika walishika usukani. Phoebe Asiyo, ambaye baadaye alikuwa mbunge wa Karachuonyo, akawa rais wa kwanza Mwafrika wa shirika mwaka 1958. Lakini tayari lilikuwa limezaliwa na tabia ambayo halikuiacha: miguu kijijini, na mkono mmoja umeshikwa na serikali.

Kilichokuwapo kabla ya jina

Wanawake wa Kenya hawakungoja 1952 ili wajue kukusanya nguvu. Wakikuyu walikuwa na ngwatio, Wakamba mwethya, Waluo saga. Kila jamii na namna yake ya kuitana kulima, kuvuna au kujenga kwa zamu. Mafunzo ya Kabete yalipofika kijijini yalikuta mashina hayo na kupandikizwa juu yake, na mara nyingi shina ndilo lililoshinda.

Machakos inaonyesha jambo hili vizuri kuliko mahali pengine. Vilima vyake vimejaa matuta, na sehemu kubwa ya matuta hayo ni kazi ya mwethya. Tuta linaloitwa fanya juu huchimbwa hivi: unachora mstari wa usawa kukata mteremko, unachimba mtaro kufuata mstari huo, na udongo wote unautupa upande wa juu wa mtaro. Udongo huo hufanya ukingo. Mvua ikishuka na rutuba, hukwama nyuma ya ukingo badala ya kukimbilia mtoni, na miaka ikipita shamba lililokuwa limeinama hujipanga lenyewe ngazi kwa ngazi. Tatizo ni kwamba kurusha udongo kuelekea mlimani kwa sepeto, mtaro baada ya mtaro, kunavunja mgongo. Mtu mmoja hamalizi shamba lake kabla ya mvua. Watu kumi na watano wanamaliza la mmoja, kisha wanahamia kwa mwenzake.

Chini ya wakoloni kuchimba matuta kulikuwa kwa lazima, na kulichukiwa. Uhuru ulipokuja wengi walitupa majembe. Katika miaka ya sabini na themanini kazi hiyo ilirudi kwa nguvu, safari hii kwa hiari, na waliokuwa wengi katika vikundi walikuwa wanawake. Mtaro ni uleule na mlima ni uleule, lakini mchimbaji sasa alijua kwamba zamu ya shamba lake inakuja.

Huko Mkoa wa Kati, vikundi maarufu zaidi vilikuwa vya mabati. Havikuwa vyote vya Maendeleo, ingawa watu huvitaja pamoja. Kila mwanachama alitoa kiasi kilichokubaliwa, fedha ikatosha mabati ya nyumba moja, wakaezeka kwa mwenzao wa kwanza, kisha wa pili, hadi wote. Kwa mtu wa mjini hili linaweza kuonekana kama fahari tu. Lakini nyasi za kuezekea zilikuwa zikipungua kila mashamba yalipokatwa na kuzungushiwa ua, na kazi ya kuzitafuta ilikuwa ya mwanamke. Tena paa la nyasi halikusanyi maji safi. Paa la bati likiwekewa mfereji na pipa linaleta maji mlangoni wakati wa mvua, na safari ya mtoni, ambayo nayo ilikuwa ya mwanamke, inapungua. Walichokuwa wakinunua vikundi hivi hasa ni saa za siku.

Zamu na huduma

Hapa inabidi tusimame kidogo, kwa sababu watu wengi huchanganya kazi mbili za kikundi na kuziita zote kujitolea.

Kuezekeana nyumba ni kusaidiana. Unatoa leo, unapokea kesho, na mzunguko ukiisha hesabu inafungwa. Hatari yake inajulikana na kila mwanachama: yule aliyepokea wa kwanza anaweza kupotea kabla ya kumlipia wa mwisho. Ndiyo maana vikundi vya aina hii huwa vidogo, vya majirani au washirika wa kanisa moja, na huwa na faini ya kuchelewa, kura ya kupanga zamu na mweka hazina ambaye nyumba yake kila mtu anaijua. Ukali huo wa sheria unawashangaza wageni. Ukifikiria kwamba fedha hiyo ni ya nauli na unga, haushangazi.

Kujenga shule ya chekechea, kumwogesha mgonjwa asiye na jamaa, kuchimba kisima cha kijiji ni jambo jingine. Hapo hakuna zamu inayokurudia. Chekechea itasomesha pia mtoto wa mama ambaye hakubeba hata jiwe moja, na maji ya kisima hayamuulizi mtu alichanga kiasi gani. Kazi ya namna hii ina udhaifu wake: wachache huchoka, wengine hufaidi, na mwaka wa pili hujitokeza watu watano badala ya thelathini.

Vikundi vya wanawake vilivyodumu vimeliweka hili sawa kwa njia ambayo sijaiona ikielezwa vya kutosha katika ripoti za wafadhili. Vimeunganisha kazi hizo mbili katika kikao kimoja. Kinachomtoa mwanachama nyumbani ni mzunguko: asipofika anatozwa faini, na fedha ya mwenzake inapungua. Akishafika, yuko pale, na wapo wenzake, na ajenda inayofuata ni kwamba mama fulani amejifungua na hana msaidizi, au kwamba paa la zahanati linavuja. Huduma inafanywa na watu ambao tayari wamekusanyika kwa sababu nyingine. Mradi unaokuja kutoka nje na kuwaambia wanawake waache mambo ya michango yao, wajikite kwenye huduma ya jamii, mara nyingi unakata mguu unaoubeba.

Miaka ya sitini na sabini, wito wa harambee uliotolewa na Jomo Kenyatta ulizipa kazi hizo mbili heshima ya kitaifa. Chekechea nyingi za vijijini zilisimama kwa mikono ya wanawake kabla serikali haijatia senti.

Bei ya kukaa karibu na wakubwa

Kama vikundi vinajiendesha, shirika la taifa ni la nini? Kwa haki, kazi ilikuwapo. Kikundi cha kijijini hakina mwalimu wa lishe wala soko la vikapu, na hakiwezi kumwandikia waziri barua ikasomwa. Shirika liliweza. Chini ya Jane Kiano, aliyeliongoza kuanzia mwaka 1971 kwa zaidi ya muongo mmoja na ambaye mumewe alikuwa waziri, sauti ya Maendeleo ilisikika serikalini, na likapata jengo lake Nairobi.

Serikali nayo ilihitaji kitu. Ngazi za Maendeleo zilifuata ngazi za utawala: kata ndogo, kata, tarafa, wilaya. Palipo na chifu palikuwa na kiongozi wa akina mama. Mtu anayetaka kura, umati wa kumpokea mgeni, au ujumbe ufike kila jiko, hawezi kupata mtandao bora zaidi ya huo.

Mwaka 1980 mambo yalijianika. Wangari Maathai, aliyekuwa ameanzisha Green Belt Movement, harakati ya kupanda miti, mwaka 1977 ndani ya Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, mwavuli wa mashirika ya wanawake likiwamo Maendeleo, alichaguliwa kuwa mwenyekiti wa baraza hilo licha ya upinzani wa wakubwa. Maendeleo ilijiondoa katika baraza, na sehemu kubwa ya fedha za baraza ikaondoka nayo. Miaka tisa baadaye, Maathai alipopinga jumba refu lililokusudiwa kujengwa Uhuru Park, miongoni mwa waliomshutumu hadharani walikuwamo viongozi wa Maendeleo. Jumba halikujengwa.

Kati ya matukio hayo mawili, mwaka 1987, Maendeleo iliunganishwa rasmi na chama tawala na kuwa KANU-Maendeleo ya Wanawake. Mwaka uliofuata Kenya ikapiga kura ya mlolongo, ya kupanga foleni nyuma ya mgombea, na hali hiyohiyo ndiyo iliyotawala Maendeleo ilipochagua viongozi mwaka 1989. Wanasiasa wanaume waliingilia waziwazi kuwapigania wake na jamaa zao. Nafasi ya kusimamia kazi za kujitolea ilikuwa imegeuka ngazi ya kupandia.

Jirani zetu wa Tanzania hawakujificha katika jambo hili. Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, ulioundwa mwaka 1962, ulifungamanishwa na TANU, na mrithi wake hadi leo ni jumuiya ya CCM. Anayejiunga anajua anaingia wapi. Ugumu wa Kenya ni kwamba shirika lilijinadi kuwa la wanawake wote huku likiimba wimbo wa chama kimoja.

Vijijini kulikuwaje wakati huo? Viongozi wa kikundi walivaa sare walipoitwa, wakaenda uwanjani, wakarudi. Mzunguko ukaendelea. Hata mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa Desemba 1991 na Maendeleo kutengana na KANU, kikundi cha kuchangiana hakikuwa na sababu ya kuvunjika, maana si KANU iliyokuwa imekishikanisha.

Tharaka, 1996

Nisingependa msomaji aondoke akidhani shirika la taifa halikuwa na faida yoyote baada ya hapo. Kazi yake bora kuliko zote, kwa maoni yangu, ilikuja baada ya kuachana na chama.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini Maendeleo ilifanya utafiti kuhusu ukeketaji wa wasichana katika wilaya za Kisii, Meru, Narok na Samburu. Jibu lililowarudia tena na tena lilikuwa kwamba wazazi hawang'ang'anii kisu peke yake. Wanaogopa kupoteza yale yanayoambatana nacho: kutengwa kwa wasichana kwa siku kadhaa, mafunzo ya wakubwa, zawadi, na kutambuliwa hadharani kwamba binti sasa ni mtu mzima. Ukimwambia mzazi aache vyote hivyo bila kumpa kitu mahali pake, unamwambia binti yake abaki mtoto machoni pa kijiji.

Kwa hiyo mwaka 1996, huko Tharaka, Maendeleo kwa ushirikiano na PATH, shirika la kimataifa la afya, ilisaidia familia kuandaa sherehe yenye kila kitu isipokuwa kukatwa. Wakaiita Ntanira na Mugambo, yaani tohara kwa maneno. Wasichana wapatao thelathini walikaa ndani pamoja, wakafundishwa na wanawake wa kwao kuhusu mwili, uzazi, heshima na kujitegemea, kisha wakatoka mbele ya jamii nzima kwa nyimbo na zawadi.

Ofisi ya Nairobi isingeweza kubuni sherehe hiyo. Isingejua nyimbo zipi ziimbwe wala nani ana mamlaka ya kumfundisha binti wa nani. Kikundi cha Tharaka nacho kisingeweza kufanya utafiti katika wilaya nne wala kumpata mfadhili. Mbinu hiyo ilisambaa sehemu nyingine. Haikufaulu kila mahali, hasa pale ambapo wageni waliiandaa kwa haraka bila akina mama na wazee wa hapo, na ambapo wavulana walioachwa nje waliendelea kutaka kuoa waliokeketwa. Sheria ya kupiga marufuku ukeketaji ilipopitishwa mwaka 2011, ilikuta maeneo kadhaa ambako mazungumzo yalikuwa yamekwisha kuanza nyumbani.

Na sasa

Siku hizi kikundi cha wanawake hakihitaji kupitia Maendeleo ili kitambuliwe. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 inataka wanachama wasiopungua kumi, na wakiwa na katiba yao, orodha ya majina na kumbukumbu za kikao, wanakwenda kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa eneo lao. Sheria hiyo inatambua makundi yanayoinua maisha ya wanachama na pia yale yanayoshughulikia jambo la jamii, yaani ile zamu na ile huduma, ingawa kijijini ni watu walewale. Tangu 2007 kuna pia Hazina ya Wanawake ya kukopesha vikundi. Mikopo imesaidia wengi, na imeleta vikundi vya aina mpya: vinavyoundwa wiki moja kabla ya kuomba mkopo na kusahauliwa wiki moja baada ya kugawana. Mtendaji mwenye uzoefu huvigundua kwa kufungua daftari la kumbukumbu na kuona kwamba vikao vya miezi mitatu vimeandikwa kwa kalamu moja, mkono mmoja, siku moja.

Limebaki swali ambalo viongozi wa majukwaani hawalipendi: kwa nini kazi hii iwe ya bure? Kwa miongo mingi, wanaotembea nyumba kwa nyumba kuwapima watoto uzani, kuwakumbusha wajawazito kliniki na kuwafuatilia wanaotumia dawa za kifua kikuu wamekuwa wahudumu wa kujitolea wa afya ya jamii, wengi wao wanawake, na wengi wakitoka katika vikundi hivihivi. Kila mara wizara ilipokosa mtumishi, ilisifu moyo wa akina mama. Septemba 2023 serikali iliwazindua wahudumu wapatao 100,000 kwa jina jipya la wahamasishaji wa afya ya jamii, wakapewa vifaa na kuahidiwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Ni kiasi kidogo kwa kazi yenyewe. Lakini kimeandikwa kwenye bajeti, na posho ikichelewa kuna ofisi ya kwenda kuulizia.